Shajara ya mradi: matamvua, maji na homoni za mfadhaiko

Wiki ya 1

Shajara hii naianza kwa sababu Profesa amechoka kuniuliza "umefikia wapi?" nami nimechoka kumjibu "naendelea, Profesa." Kuanzia leo kila hatua itakaa hapa, iliyofaulu na iliyoharibika.

Swali lenyewe ni fupi. Samaki wa maji baridi akishtuka, homoni za mfadhaiko zinazomwagika kwenye damu yake hubadilisha kiasi cha maji yanayopenya kwenye matamvua? Na kama hubadilisha, kwa muda gani, na kwa njia ipi?

Ieleweke kwanza kwamba samaki huyu anaishi katika mafuriko yasiyokoma. Damu yake ina vitu vilivyoyeyuka kiasi cha miliosmoli 300 hivi kwa kilo, ilhali maji anamoogelea yana chache mno. Kwa osmosisi, yaani maji kuhamia upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka, humwingia usiku na mchana, na mlango mkubwa ni matamvua. Hana haja ya kunywa. Kazi yake ni kukojoa. Trauti aliyetulia hutoa mkojo mwepesi wa mililita 2 hadi 4 hivi kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Samaki wa baharini mambo yake ni kinyume: bahari ina miliosmoli kama 1000, kwa hiyo anakaushwa akiwa ndani ya maji. Mwaka 1930 Homer Smith alionyesha kwamba samaki hao hunywa maji ya bahari, na mwaka uliofuata Ancel Keys akaonyesha kwa mikunga kwamba chumvi inayozidi hutolewa na matamvua.

Kwa nini basi samaki asiwe na matamvua mazito yasiyopitisha maji? Kwa sababu anayatumia kupumulia. Oksijeni inataka ukuta mwembamba na eneo kubwa, na ukuta unaofaa kwa oksijeni hauwezi kuyakataa maji. Ukifungua dirisha upate hewa, mvua nayo inaingia. Randall na wenzake waliliandika suala hili mwaka 1972, na mpaka leo wanafiziolojia wa samaki wanaliita mapatano kati ya pumzi na osmosisi. Mfadhaiko ndio wakati dirisha linapofunguliwa kwa nguvu zaidi.

Homoni ziko mbili. Adrenalini (pamoja na ndugu yake noradrenalini) hutoka kwenye seli za kromafini zilizo katika kuta za mishipa ya eneo la figo ya kichwani, na humwagika ndani ya sekunde chache. Kotisoli huja baadaye kidogo: ubongo unaiamrisha tezi ya pituitari, pituitari inaziamrisha seli za interenali, ambazo nazo ziko kwenye figo hiyo hiyo ya kichwani. Kilele chake hufika baada ya nusu saa hadi saa nzima. Samaki aliyetulia huwa na nanogramu chini ya 10 za kotisoli kwa mililita ya plazma (majimaji ya damu); akifadhaika hupita 100 bila shida.

Nitatumia perege, wa gramu 80 hadi 100, katika maji ya nyuzi 27. Ndiyo, "maji baridi" ya nyuzi 27. Lugha yetu imeamua hivyo.

Wiki ya 2

Nilidhani nitaanza na njia rahisi kuliko zote: mpime samaki uzito, mfadhaishe, mpime tena. Maji yakiongezeka, uzito utaongezeka.

Nilimchukua mmoja, nikamfuta kwa kitambaa chenye unyevu, nikamweka kwenye mizani. Gramu 84.6. Nikamrudisha majini, nikamtoa papo hapo, nikamfuta vilevile. Gramu 85.3. Mara ya tatu 84.5. Mara ya nne alipanua vifuniko vya mashavu akiwa juu ya mizani, tone kubwa likatoka mdomoni na namba ikashuka mbele ya macho yangu. Maji yaliyonaswa mdomoni, chini ya vifuniko na kwenye mapezi yanapandisha na kushusha uzito kwa karibu gramu nzima, na hapo samaki hajapata hata maji ya ziada mwilini.

Kisha nikakaa nikafanya hesabu ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya kugusa samaki yeyote. Nikichukua mililita 3 kwa kilo kwa saa, samaki wa gramu 84 anaingiza robo mililita kwa saa. Hata kama mfadhaiko ungeongeza maji hayo maradufu na figo zikasimama kabisa, natafuta nusu gramu ndani ya kosa la gramu moja.

Kuna waliopima hivi na kupata majibu ya kuaminika, kwa samaki wakubwa zaidi na kwa saa nyingi zaidi. Mimi nimeiacha. Pia nimegundua jambo lililonikera zaidi ya mizani: ili nimpime lazima nimkamate, na kumkamata ndio mfadhaiko wenyewe. Hivyo hata "kabla" yangu ilikuwa "baada".

Wiki ya 4

Tumehamia kwenye tritiamu. Wiki ya tatu yote iliishia kwenye mafunzo ya usalama na fomu za kamati ya maadili, sina la kuongeza hapo.

Wazo ni hili. Maji yenye tritiamu ni maji kama mengine, ila atomu moja ya haidrojeni ni nzito na inatoa mnururisho dhaifu wa beta usioweza hata kupenya ngozi (kuyanywa ni habari nyingine, ndiyo maana ya glovu na marufuku ya kikombe cha chai humu). Nusu-uhai wake ni miaka 12.3, kwa hiyo ndani ya jaribio la saa chache hakuna upungufu wa kuhesabu. Samaki hukaa usiku kucha katika maji hayo mpaka maji ya mwili wake yalingane nayo. Asubuhi unayabadilisha maji kwa maji safi, halafu kila baada ya dakika 5 unachota kiasi kidogo na kuhesabu mimweko kwenye mashine. Tritiamu inavyotoka mwilini ndivyo hesabu ya majini inavyopanda. Ukichora logi ya iliyobaki mwilini dhidi ya muda unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio jibu.

Faida kubwa: ukibadilisha maji kwa mpira wa kufyonzea, taratibu, humgusi samaki hata kidogo.

Kuna mtego ambao ulinichukua siku mbili kuuelewa vizuri. Mteremko huu haupimi maji anayoyapata samaki. Unapima maji yanayobadilishana, yanayoingia na kutoka kwa pamoja. Chukua mfano wa mteremko wa 0.7 kwa saa: nusu ya maji ya mwili inakuwa imebadilishwa ndani ya saa moja. Samaki wa gramu 84 ana mililita 67 hivi za maji mwilini, kwa hiyo zinazopita ni kama 47 kwa saa. Faida halisi ya osmosisi ni ile robo mililita. Yaani kwa kila mililita inayobaki ndani, karibu 190 zimeingia na kutoka kama abiria waliokosea basi.

Kwa hiyo tritiamu inaniambia jinsi ukuta unavyopitika. Hainiambii samaki amevimba kiasi gani. Nimeliandika hili kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la maabara, kwa sababu najijua.

Wiki ya 5

Wiki ya rangi ya waridi.

Niliandaa adrenalini Jumatatu asubuhi, nikaiweka kwenye chupa ya kioo juu ya meza karibu na dirisha, nikaenda kuandaa matangi. Siku ya kwanza majibu yalikuwa mazuri. Siku ya pili yakawa hafifu. Siku ya tatu homoni ikawa haifanyi chochote, nami nikaanza kuandika kwenye daftari nadharia ndefu kuhusu vipokezi (sehemu za seli zinazoipokea homoni) vinavyochoka. Nadharia nzuri sana, ilijaza ukurasa mzima.

Profesa alipita, akainua ile chupa akaitazama kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Adrenalini, Profesa."

"Adrenalini haina rangi."

Ilikuwa ya waridi, kama juisi iliyochanganywa na maji mengi mno. Adrenalini ikikaa kwenye mwanga na hewa huoksidika ikawa adrenokromi, ambayo ndiyo rangi ile. Siku mbili nzima nilikuwa nawadunga samaki dawa iliyokufa na kuusingizia mwili wa samaki kuchoka. Ukurasa wa nadharia nimeuacha daftarini, nimeupiga mstari mmoja tu ili usomeke.

Sasa naiandaa kila asubuhi, kidogo, yenye chembe ya vitamini C ya kuizuia isioksidike, chupa imefungwa karatasi ya alumini na kukaa kwenye barafu. Saa sita mchana iliyobaki inamwagwa.

Wiki ya 6

Dawa nzuri, samaki wazuri, na bado mambo hayaendi.

Nikidunga adrenalini, mteremko unapanda. Nikidunga maji ya chumvi matupu, unapanda karibu vilevile. Kundi la kulinganishia limenishinda. Nilirudia mara nne, nikibadilisha sindano, nikipunguza ujazo, nikienda haraka zaidi. Kila nilipoharakisha ndivyo lilivyopanda zaidi.

Mzee anayetunza matangi alikuwa akisafisha vichujio upande wa pili. Hana shahada ya fiziolojia, lakini samaki hawa amewalea tangu wakiwa mayai. Aliniacha nihangaike mpaka nilipokaa chini.

"Kijana, nikwambie kitu?"

"Niambie, mzee."

"Hawa wakiona kivuli chako tu wanabadilika. Mimi nikija wanapanda juu wakidhani ni chakula. Wewe ukija wanakimbilia pembeni na kulala chini."

Nikaenda kutazama kwa mbali, nimejificha nyuma ya rafu. Vifuniko vya mashavu vilikuwa vinapiga polepole, kwa mpangilio. Nikatoa mkono mmoja juu ya tangi. Wote wakabana pembeni, na vifuniko vikaanza kupiga haraka kiasi cha kushindwa kuvihesabu.

Kwa hiyo tangu wiki ya tano nimekuwa nikipima adrenalini ya samaki mwenyewe juu ya ile ninayomdunga. Sindano ya maji ya chumvi si tupu hata kidogo: imebeba kiwavu, hewa, mkono na mwanga. Samaki hana namna ya kujua kwamba mimi nimeiita "kulinganishia".

Wiki ya 8

Mpangilio mpya umekamilika, na naupenda kama mtu anavyopenda baiskeli aliyoiunda mwenyewe.

Kila samaki anawekewa mrija mwembamba wa plastiki unaoingia tumboni, chini ya usingizi wa MS-222. (Dawa hiyo huyafanya maji kuwa na asidi, lazima yasawazishwe kwa bikaboneti ya soda, la sivyo usingizi wenyewe unakuwa mateso.) Mrija unatoka kwenye sanduku jeusi lililofunikwa na kupita chini ya pazia hadi mezani kwangu. Samaki anapewa siku mbili za kupumzika. Siku ya jaribio nakaa upande wangu wa pazia, nasukuma sindano pole pole, na samaki hanioni, hanisikii, hajui.

Maji ya chumvi kupitia mrija: mstari umenyooka, hauna hata kikunjo. Nilitamani nimwite mtu aje aone mstari ulionyooka.

Adrenalini kupitia mrija: sampuli mbili za kwanza baada ya sindano, mstari unainama waziwazi kuelekea chini. Maji yanatoka haraka zaidi. Kisha mteremko unalegea, na kabla saa haijaisha umerudi ulipokuwa. Inalingana na tabia ya homoni hii, ambayo haikai kwenye damu. Huondolewa ndani ya dakika chache.

Propranololi, inayoziba vipokezi vya adrenalini vya aina ya beta, ikitangulizwa, adrenalini inabaki na nguvu kidogo sana. Fentolamini, inayoziba vya aina ya alfa, haikuzuia kitu cha maana. Samaki ni wachache bado, sitaki kuvimba kichwa. Lakini mwelekeo huu si mgeni: mwaka 1978 Isaia, Girard na Payan walikuta kwa trauti kwamba adrenalini huongeza upenyevu wa maji kwenye matamvua. Nami nimefurahi kufika mahali ambapo wenzangu walishafika. Angalau nyumba ipo.

Wiki ya 9

Kipasha joto cha tangi kuu kiliharibika Jumanne usiku. Maji yalishuka mpaka nyuzi 23. Miteremko yote ya Jumatano iko chini, ya makundi yote, na hilo lilitarajiwa: maji hupenya polepole baridi inapozidi. Data ya siku hiyo nimeiondoa. Kipasha kipya kimefungwa, na cha akiba kipo kabatini.

Wiki ya 10

Sasa swali gumu. Adrenalini imeongeza upitaji wa maji. Je, ukuta umekuwa mwepesi kupenyeka, au ukuta uliotumika umekuwa mkubwa?

Si mchezo wa maneno. Matamvua yamepangwa hivi: kila upinde una nyuzi nyingi, na kila uzi umepandwa lamela pande zote mbili, vijani vyembamba vinavyopitiwa na damu. Samaki aliyetulia hazitumii zote. Booth, mwaka 1978, alipima trauti waliotulia akakuta damu inapita katika asilimia 58 hivi ya lamela, na mwaka 1979 akaonyesha kwamba adrenalini inaongeza idadi hiyo. Shinikizo la damu likipanda na mishipa ikapanuka kupitia vipokezi vya beta, lamela zilizokuwa zimelala zinaamka. Maji yanapata eneo jipya la kupita bila seli moja kubadilika tabia. Na vipokezi vya beta ndivyo nilivyovikuta mimi. Lo.

Pia kuna pumzi. Samaki anayepumua haraka anaondoa lile tabaka la maji lililotulia juu ya lamela, na kwa sababu hiyo tu maji ya mwilini yanatoka kwa urahisi zaidi. Nimetoboa tundu dogo kwenye sanduku, nikaweka taa hafifu nyekundu, nahesabu mapigo ya vifuniko kwa dakika moja kila baada ya tano. Baada ya adrenalini mapigo yanaongezeka kidogo tu, hayaelezi badiliko lote. Nikamwambia Profesa kwamba angalau tumeliondoa hilo. "Tumelipunguza," akasema. Ni kweli, tumelipunguza.

Jioni nilisoma kazi ya Pic, Mayer-Gostan na Maetz ya mwaka 1974 iliyohusu adrenalini na upenyevu wa maji kwenye matamvua ya mkizi aliyezoeshwa maji ya bahari. Nikacheka peke yangu. Kati ya samaki wote duniani, wa kudungwa homoni ya hasira wakamchagua mkizi, ambaye wahenga walishamtolea methali: hasira za mkizi furaha ya mvuvi. Sidhani kama waliijua methali hiyo, lakini mkizi hakuwa na la kulalamika.

Wiki ya 12

Zamu ya kotisoli, na hapa saa ya mradi inabadilika kutoka dakika kuwa siku.

Kotisoli huingia ndani ya seli, inakamatana na vipokezi vyake na kwenda kubadilisha jeni zinazosomwa. Kazi ya namna hiyo haionekani kwa sampuli za dakika 5. Halafu samaki hawa wa mifupa hawana aldosteroni. Kotisoli ndiyo inayofanya kazi mbili, ya kuendesha sukari na nguvu na ya kusimamia chumvi. Kwa hiyo kuiita tu "homoni ya mfadhaiko" ni kuionea.

Njia iliyozoeleka ya kuipandisha kwa siku nyingi ni kuichanganya na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kudunga tumboni, na kuyaacha yagande yawe ghala linaloachia homoni kidogo kidogo. Ni nzuri kabisa kwa trauti anayeishi kwenye nyuzi 12. Nilishamdunga samaki wa tatu nilipokumbuka kile ambacho mtu yeyote aliyewahi kuweka chupa ya mafuta ya nazi dirishani anakijua: kwenye nyuzi 24 hivi yanayeyuka. Ndani ya perege wa nyuzi 27 hakuna ghala lolote, kuna mafuta yanayotembea tumboni na kumwaga homoni yote kwa mkupuo. Plazma ya samaki wale watatu ilithibitisha: kotisoli juu sana siku ya kwanza, imeanguka siku ya tatu.

Tumehamia kwenye mchanganyiko wa mafuta ya nazi na siagi ya kakao, ambayo haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 34. Inaganda vizuri. Kundi la kulinganishia linapata mafuta hayo hayo bila homoni.

Wiki ya 13

Siku ya nne baada ya kupandikiza. Kotisoli kwenye plazma imekaa juu, kama ya samaki aliye taabani, bila kurukaruka.

Mteremko wa maji: umeshuka kidogo ukilinganisha na wa mafuta matupu. Kidogo kiasi kwamba nisingeliweka rehani daftari langu. Nilitarajia zaidi, na sababu ya kutarajia ni kazi ya Kelly na Wood ya mwaka 2001. Wao waliotesha seli bapa za matamvua ya trauti juu ya kichujio, zikaungana zikawa ukuta, kisha wakaweka kotisoli. Ukinzani wa umeme wa ukuta ule ulipanda, yaani seli zilibanana zaidi. Kazi zilizofuata ziliangalia protini za maungio yanayobana seli na seli, hasa klodini na okludini, na kuonyesha kwamba kotisoli inaziongeza kadhaa kati yao.

Kwa hiyo ukuta unakazwa. Mbona maji hayakujali?

Wiki ya 15

Nadhani tumepata uzi wa kufuata, na umetoka kwenye kipimo nilichokuwa nakifanya kwa mazoea tu bila kukitazama. Tangu wiki ya nane nilikuwa naweka kando sehemu ya kila sampuli kwa ajili ya kupima sodiamu. Zilikuwa zimejaa kwenye friji. Wiki hii nimezipima zote.

Samaki wa kotisoli wanapoteza sodiamu kidogo kuliko wenzao, na tofauti inaonekana kwa macho kwenye mchoro, haihitaji kubembelezwa. Wa adrenalini wanaipoteza kwa wingi wakati ule ule maji yanapokimbia, lakini kuna samaki ambao maji yalirudi kawaida na chumvi ikaendelea kuvuja.

Kama maji na chumvi vingekuwa vinapita mlango mmoja, vingepanda na kushuka pamoja. Sodiamu haiwezi kukatiza utando wa seli bila mlango maalumu, kwa hiyo inayovuja hupenyea kati ya seli na seli, kwenye maungio. Maji yana njia pana zaidi: yanaweza kupita katikati ya seli zenyewe, kwenye utando na kwenye akwaporini, vile vijitundu vya maji vilivyompa Peter Agre Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003. Matamvua yana aina iitwayo akwaporini 3, na kwa mkunga anayehamia baharini kiasi cha ujumbe wa jeni yake hushuka sana. Kotisoli ikikaza maungio, itazuia chumvi na kuyaacha maji yapite katikati ya seli kama kawaida. Hicho ndicho ninachokiona.

Nilimpelekea Profesa michoro miwili, wa maji na wa sodiamu, bila maelezo yoyote. Aliitazama kwa muda, akaipandanisha moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha kama alivyofanya na ile chupa ya waridi.

"Kwa hiyo wakisema mfadhaiko unayafanya matamvua yavuje?"

"Nitawauliza, yanavuja nini. Na saa ngapi."

"Haya. Sasa niambie eneo."

Eneo. Bado deni la wiki ya kumi halijalipwa.

Wiki ya 16

Hivi ndivyo tutakavyolilipa. Oksijeni nayo inapita kwenye lamela hizo hizo zilizoamshwa. Nikipima oksijeni anayotumia samaki na maji anayobadilisha kwa wakati mmoja, ndani ya sanduku moja, naweza kutazama uwiano wake. Adrenalini ikiongeza eneo peke yake, vyote viwili vinapaswa kuelekea juu pamoja. Maji yakiipita oksijeni kwa mbali, kuna kitu ukutani. Si ushahidi wa mwisho, maana samaki aliyeshtuka anatumia oksijeni zaidi hata bila eneo jipya, na moyo unabadilika pia. Ila ni bora kuliko kubishana na Booth kichwani.

Upande wa kotisoli tutaongeza metiraponi, inayozuia samaki kuitengeneza. Hapo nitaweza kumfadhaisha kweli, kwa kumfukuza kwa kiwavu kama nilivyokuwa nikifanya bila kukusudia, na kuona adrenalini inafanya nini ikiwa peke yake saa nyingi baadaye.

Sanduku jipya lenye kipima oksijeni limefika lakini mfuniko unavuja hewa pembeni, na hewa ikiingia kipimo cha oksijeni hakina maana. Nimepaka silikoni, inakauka mpaka kesho. Mzee amekubali kuwa yeye ndiye atakayewahamisha samaki kuingia kwenye sanduku. Mimi nimeambiwa nikae nyuma ya rafu.